Joab wa Draya na Klarineti Yake

Kusema kweli, watu wengi wa Boito hawakujua kama kile kitu kinaitwa klarineti. Wengine walikiita filimbi nyeusi, wengine bomba la Joab, na kuna karani mmoja wa mishahara, msomi wa kujipachika, aliyeapa kwamba ile ni saksafoni ambayo haijakomaa. Joab Owiti aliwasikia wote akanyamaza. Msifikiri alikuwa mpole. Joab hakuwa mpole hata chembe, muulizeni yeyote aliyewahi kuacha wazi mlango wa draya, ile mashine ya kukaushia majani, pale kiwanda cha chai. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amejibu swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na midomo yake aliiwekea kazi nyingine.

Alikuja kwenye nchi ya chai mwaka wa sitini na moja, kijana wa miaka kumi na minane kutoka Sakwa, huko Ujaluoni, akimfuata mjomba wake. Kazi ya kwanza ilikuwa kubeba sinia katika klabu ya Wazungu wenye mashamba. Kila Jumamosi wale mabwana walicheza santuri, na mmoja wao, mtu mnene mwenye masharubu ya rangi ya kutu, alitoa klarineti yake akapuliza pamoja na santuri. Alipuliza vibaya! Jamani, vibaya mno. Lakini Joab, akiwa amesimama na sinia yake, alisikia ndani ya ule ubaya sauti ambayo mwenyewe aliyekuwa akipuliza hakuisikia. Alisema baadaye kwamba ni kama kumsikia mtu mwenye maneno mazuri akiongea huku mdomo umejaa ugali.

Uhuru ulipofika yule Mzungu akafunga virago. Akamwita Joab, akamwonyesha vitu viwili ukutani: baiskeli aina ya Raleigh, karibu mpya, na kasha la klarineti. Chagua kimoja. Kijana akachukua kasha. Kampi nzima ya wafanyakazi ilimcheka, na haikuchoka kucheka. Hata Syprose, aliyeolewa naye miaka mitano baadaye, hakuwahi kumsamehe kabisa. Akirudi kutoka soko la Silibwet na kikapu kichwani na matope mpaka magotini, alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Baba Quinter, ungechukua ile baiskeli leo ningefika kama malkia."

"Malkia hapandi baiskeli," Joab angejibu, bila kuinua macho.

Mwalimu hakuwa naye. Kitabu hakuwa nacho. Kile kiulimi cha mwanzi kinachotetema mdomoni ndicho kinachotoa sauti, na kikivunjika hakuna duka Kericho wala Kisumu lenye kingine. Joab akaenda msitu wa Mau, akakata mianzi, akaikausha kivulini miezi minne, akachonga ndimi zake mwenyewe kwa kipande cha chupa na msasa. Kumi na tisa zilikataa. Wa ishirini ukalia. Majirani wakamshtaki kwa nyapara kwamba anawatesa watoto wao, naye akahamia nyuma ya boila, lile tanuri la mvuke la kiwanda alikoajiriwa baada ya klabu, mahali ambapo kelele ilikuwa nyingi kuliko yake. Hapo ndipo alipojifunza, na hapo ndipo ilipozaliwa bendi ya wafanyakazi, Boila Jazz. Mimi nasema mtu wa namna hiyo ni wa kuvuliwa kofia, na asiyetaka asivue.

Miaka ya mwanzo klarineti ndiyo iliyokuwa mbele. Joab aliingia na wimbo, wengine wakamfuata. Halafu yakaja magitaa ya umeme. Halafu ikaja saksafoni, na saksafoni, mnaijua, haina adabu: ikiingia chumbani kila mtu ananyamaza. Joab akasukumwa mstari wa pili. Kutoka mstari wa pili akapewa ubeti mmoja kwa wimbo, kisha ubeti mmoja kwa sherehe nzima. Osoro alipochukua uongozi wa bendi, mwaka wa themanini na tano, alimwita kando kwa heshima zote akamkabidhi njuga. "Wewe tikisa hizi, mzee wa draya. Tukihitaji ile nyingine tutakuambia."

Hawakuihitaji. Mchana alisimamia draya, ile mashine kubwa inayopokea majani mabichi mazito na kuyatema upande wa pili yakiwa chai nyeusi kavu. Jumapili alitikisa njuga. Klarineti ililala chini ya kitanda, na alipoipuliza aliipuliza peke yake.

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na tatu, Syprose akisonga ugali, Joab alikuwa akizungusha kitufe cha redio akitafuta taarifa ya habari. Akaangukia stesheni ya ng'ambo, kipindi cha jazi. Mtangazaji alizungumza Kiingereza cha polepole, kile cha kuhurumia watu. Akasema zamani klarineti ilikuwa mfalme wa dansi. Kwamba baada ya vita kuu vya pili saksafoni ikaipindua, na vijana wakaiacha kwa wazee. Na kwamba sasa, katika jazi ya kisasa, wapigaji wapya wameirudisha mbele, na hawapigi nyimbo za babu zao, wanapiga mambo mapya kabisa. Kisha akaweka wimbo.

Joab aliruka. Akanyakua kaseti ya kwanza aliyoiona, akaisukuma ndani, akabonyeza vitufe viwili pamoja ili irekodi. Ilikuwa kaseti ya kwaya ya Syprose.

"Yawa! Joab! Hiyo ni kwaya yangu!"

"Watamwimbia Mungu tena," Joab akasema. "Nyamaza, mama, nakuomba. Nyamaza kidogo tu."

Syprose alitaka kugomba. Lakini alipomtazama aliona mume wake, mtu wa miaka hamsini, fundi mwenye ukali wake, analia waziwazi bila kujifuta. Akarudi kwa sufuria yake.

Jumatatu yake Joab aliipeleka kaseti kazini. Mwenzake wa draya alikuwa Kimeli, Mkipsigis wa hapo hapo Boito, ambaye pia ndiye aliyekuwa akipiga ngoma katika Boila Jazz. Wakati wa chai wakakaa juu ya magunia wakasikiliza. Ile klarineti haikukimbia. Ilisema neno, ikanyamaza, ikauliza swali, ikanyamaza tena. Kimeli akatikisa kichwa. "Huyu mtu anaongea kama mwenye amekalia kiti yake mwenyewe," akasema. Joab alikubali kwamba hakuna aliyewahi kuieleza jazi vizuri kuliko hivyo.

Kwa miaka mitatu Joab alitunga wimbo mmoja. Mmoja! Akaupa jina "Mvua ya Saa Tisa", kwa sababu huku kwetu mvua hufika alasiri kama mtu wa shifti. Ulianza juu kabisa, kwenye zile sauti nyembamba za klarineti, kisha ukateremka. Alipouona umekamilika akaenda kwa Osoro.

Osoro hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amseme vibaya. Aliitafutia bendi sare, aliwafundisha vijana gitaa bila kudai kitu. Ila mwaka huo alikuwa amepata kinanda kipya cha umeme, na kipya kinyemi. Alimsikiliza Joab mpaka mwisho, kisha akabonyeza kitufe kimoja cha kinanda. Ikatoka sauti ya klarineti. Sauti safi, isiyo na pumzi.

"Unaona, mzee wa draya? Iko hapa ndani tayari. Hata haihitaji kukaushwa mate."

Wengine wakacheka. Joab hakucheka. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nipe wimbo mmoja. Siku ya Wafanyakazi, mbele ya watu wote. Bendi inifuate mimi. Watu wasipocheza, nitaweka kasha langu chini ya kitanda na sitalitaja tena mpaka nistaafu."

Osoro akakuna kidevu. Akakubali. Wakapeana mikono, na kila mtu kiwandani akajua: tarehe moja Mei, mwaka wa tisini na sita, ama klarineti irudi mbele ama izikwe.

Aprili hiyo ilinyesha. Wee, ilinyesha! Maji yaliingia chini ya mabati, yakaingia chini ya kitanda, yakaingia kwenye kasha. Siku moja kabla ya sherehe, Joab alifungua ili aunganishe vipande vya klarineti, navyo vikakataa kuingiana. Mti ulikuwa umekunywa maji ukavimba kwenye maungio. Alisukuma, akapaka mafuta ya ng'ombe, akasukuma tena. Ng'o.

Hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa pwani hawezi kulifanya, wala mtu wa Nairobi. Ni kosa la watu wa kiwanda cha chai. Sisi huku kitu chochote kikishika maji dawa yake ni moja. Soksi, yunifomu za shule, Biblia iliyoanguka mtoni, vyote hupelekwa kwenye kile kibao kando ya mdomo wa draya, na baada ya dakika chache unachukua kitu chako kikavu kama biskuti. Joab alikuwa amekausha majani kwa miaka zaidi ya ishirini. Akishika jani gizani alijua limebaki na maji kiasi gani. Basi saa tano asubuhi akaweka kile kipande cha juu cha klarineti kwenye kibao, akamwambia Kimeli akitupie jicho, naye akaenda kuangalia majani.

Haikupita hata nusu saa. Kimeli ndiye aliyesikia: ta! Sauti ndogo, kama ya kuvunja njugu.

Joab alirudi akakuta ufa umepita kutoka juu ya kipande, ukavuka tundu mbili, ukasimama karibu na ya tatu. Alikishika kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kimeli, maana Joab hupiga kelele hata chai ikiungua kilo moja.

"Mimi ndiye," Joab akasema. "Mimi ndiye nimeiua. Si Osoro, si saksafoni. Miaka thelathini na mbili, halafu nimeichoma kama jani."

"Baba Quinter, usiseme hivyo," Kimeli akamsihi.

"Niseme vipi? Sherehe ni kesho!"

Kimeli akavua aproni. "Shifti ikiisha twende kwa mama yangu," akasema. "Yeye hushona sotet."

Sotet ni kibuyu cha maziwa, na nyumba ya Kikipsigis isiyo na sotet si nyumba. Kikipasuka hakitupwi, wako akina mama wanaojua kukishona kikarudi kushika maziwa bila kuvuja tone. Kogo Chepkurui, mama yake Kimeli (kogo ni bibi kwa Kikipsigis), alikuwa fundi wa hao mafundi. Walimkuta jikoni, nyuma ya kashamba kake ka chai, saa tisa na nusu, mvua inapiga paa. Joab akasalimu, "Chamgei, Kogo," naye akaitikia, kisha akapokea kile kipande cheusi akakigeuza, akakinusa, akakitazama kwa ndani dhidi ya mwanga wa mlango.

"Nani ameweka hii kwa moto?"

Kimeli akatazama chini. Joab, mtu mzima, babu wa watoto wawili, akainua mkono kama mwanafunzi.

Kogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Wanaume wa draya! Siku moja mtakausha mpaka mtoto akitoka kuoga." Kisha akaacha kucheka akafanya kazi. Akasema kibuyu ukikitoboa kwa sindano kinakubali, lakini huu ni mti, ukiutoboa utakufa. Huu ni wa kufungwa. Akasaga makaa ya mti wa senetwet, yale wanayosugulia vibuyu ndani, akayakanda na nta ya nyuki, akajaza ufa wote kwa ncha ya mwiba, tundu zile mbili akizizunguka polepole asizizibe. Halafu akatoa ukano wa ng'ombe uliokuwa umelowekwa, akauzungusha, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kwa meno. Ukano ukikauka hujibana wenyewe.

"Puliza," akaamuru. Joab akaunganisha vipande, ambavyo sasa viliingia, akapuliza. Kogo akalowesha shavu lake akalisogeza kando ya mti, akitafuta upepo. "Hapa inapumua." Akaongeza nta. "Puliza tena." Hivyo hivyo mara saba, mpaka shavu lake likakosa upepo.

Ndipo Joab alipogundua. Nyuma ya klarineti, chini ya dole gumba, kuna kifunguo kidogo. Ukikibonyeza, sauti huruka kutoka chini kwenda juu. Ukano ulikuwa umepita juu yake ukakifunga kabisa.

"Kogo, umefunga ufunguo wa sauti za juu."

"Nimeona."

"Wimbo wangu unaanza huko juu."

"Nikifungua hapo, ufa itafunguka. Chagua." Akamtazama bila huruma na bila ukali. "Mtoto wangu, kibuyu ya kushonwa haijazwi mpaka mdomoni. Lakini inabeba maziwa."

Joab akaiacha ilivyofungwa. Akasema kongoi, asante. Kogo hakutaka malipo yoyote. Alitaka tu kuambiwa saa ya kesho, aje asikie. "Na usipeleke hiyo kwa draya," akaongeza walipokuwa mlangoni.

Siku ya Wafanyakazi uwanja ulijaa. Meneja alizungumza, mtu wa chama cha wafanyakazi akazungumza zaidi, na saa nane ikafika watu wakiwa na usingizi. Boila Jazz walikuwa wamepanda juu ya trela la kubebea majani. Osoro alipoiona ile klarineti, imezungushwa ukano kuanzia shingoni, alishtuka kweli.

"Mzee, hii ni nini? Umeifunga bendeji?"

"Ilipasuka. Imeshonwa."

"Inaweza kupanda juu?"

"Hapana."

Osoro akainama karibu naye ili wengine wasisikie, na mimi nampa sifa kwa hilo. "Basi wacha nipige hiyo sehemu kwa kinanda. Tutasema ni ajali. Hakuna aibu yoyote, nakuambia."

Ilikuwa njia ya heshima, na Joab alijua. Moyo wake ulikuwa ukimwambia: chukua, mzee, chukua, ukae na njuga zako kwa amani. Akakaza midomo. "Tulikubaliana mnifuate," akasema. "Nitaanza chini."

Akaanza. Mwanzoni haikusikika. Ile sauti ya chini ya klarineti ni nzito na ya giza, haipigi kelele, na magitaa yaliifunika mara moja. Vijana walikuwa wakipiga walivyozoea. Joab hakuwatazama. Aliendelea kupuliza wimbo aliouzoea juu, akiutafutia njia huko chini, na pale ambapo njia haikuwepo alinyamaza, akasubiri, akauliza swali lingine.

Kimeli ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka fimbo zake chini akapiga ngoma kwa viganja tu. Gitaa la kwanza likapunguza. La pili likanyamaza. Mpiga saksafoni akaitoa mdomoni akaishika kifuani. Kikabaki kinanda, na Osoro, akiwa bado amekunja uso, akainua vidole vyake kimoja kimoja mpaka kikabaki kimya nacho.

Na hapo ndipo watu wakaisikia. Aii, jamani! Haikuwa dansi ya Wazungu wa klabu, haikuwa rumba, haikuwa kitu ambacho mtu wa Boito alikuwa amekijua. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayesema mambo yake yote bila kumlaumu mtu. Wachuma chai waliokuwa wakipiga soga waliacha. Watoto waliacha kukimbizana. Syprose, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akaweka mkono mdomoni. Miaka ishirini na saba alikuwa amelala juu ya hiyo sauti na hakuwahi kujua ni kubwa namna hiyo. Kogo Chepkurui alisimama wima, shavu ameligeuza upande wa trela, kama anayetafuta upepo.

Lakini hakuna aliyecheza. Joab alifungua macho katikati ya wimbo akaona. Uwanja mzima, maelfu ya watu, na hakuna mguu hata mmoja ulioinuka. Mapatano yalikuwa mapatano. Akajua ameshindwa, na akaamua kwamba kama anazika basi atazika vizuri. Akapuliza mpaka noti ya mwisho, ile ya chini kuliko zote, akaishika mpaka pumzi ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Joab akageuka, akatoa kile kiulimi cha mwanzi mdomoni mwa klarineti, akaanza kukifuta kwa shati lake tayari kukiweka.

Osoro akashuka kwenye kiti chake na maikrofoni mkononi. Watu walijua anakuja kutangaza kinachofuata. Kwa miaka kumi na moja Osoro ndiye aliyetaja kila wimbo wa Boila Jazz. Hakuwahi kumuuliza mtu, na hakuna mtu aliyewahi kutegemea kuulizwa. Akasimama mbele ya Joab. Macho yake yalikuwa mekundu. Akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Jaduong'," akasema, neno la Kijaluo la kumheshimu mzee, ambalo hakuwahi kumwita hata siku moja. "Sasa tunapiga gani?"

Joab alimtazama, akatazama uwanja, ambao bado haukuwa umepumua. Akarudisha kiulimi mahali pake, akakikaza.

"Huo huo," akasema. "Tangu mwanzo. Na mnisubiri niingie."

Osoro akarudi kwenye kinanda chake, akaweka mikono magotini, akasubiri.